Nani kasimama nyuma ya nani: Ardis Niemela na picha zinazosomwa redioni

Saa nne kasorobo asubuhi, Alhamisi, Ardis Niemela anavuta kiti mbele ya kipaza sauti, anatandaza gazeti mezani na kulinyoosha kwa kiganja. Nje, theluji ya kwanza ya msimu imeshaanza kuchafuka barabarani. Ndani ya chumba hiki kidogo nyuma ya maktaba ya Mesker, kaskazini mwa Minnesota, kuna joto la kumvua mtu sweta, na Ardis lake ameshalivua.

Anafungua ukurasa wa tano. Anachukua kioo cha kukuzia na kuinamia picha ya wanawake kumi na wawili waliovaa aproni, wamesimama kwenye ngazi za mlango wa jiko la kanisa la Kilutheri. Anapita kichwa kwa kichwa kwa ncha ya kalamu, mstari wa mbele kwanza, halafu wa nyuma. Akifika kichwa cha mwisho anatulia. Anakitazama kwa muda mrefu kuliko vingine vyote.

Simu ya mezani inalia. Kwa kawaida wasikilizaji humpigia baada ya kipindi, tena kwa kugomba. Leo kipindi hata hakijaanza.

"Ardis, ni Josie hapa. Ile picha ya jikoni, nakuomba, usiisome."

Ardis anaweka kioo chini. "Nisiisome kwa nini? Umetoka vibaya?"

"Usinitanie, mwenzangu. Unajua kwa nini."

Anajua. Mji mzima unajua. Kabla ya chakula cha mchana kila mtu hapa Mesker atakuwa ameshaiona picha hiyo, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye miaka 81 ambaye macho yake hayasomi tena. Na yeye ndiye anayekisubiri kipindi hiki kuliko mtu mwingine yeyote.

Ardis, mwenye umri wa miaka 63, ndiye mwandishi wa maelezo ya picha wa gazeti letu la wiki. Kazi yake ni yale maneno madogo ya chini ya picha, ambayo kila mtu huyasoma kabla ya habari yenyewe, na ambayo hakuna anayejua yameandikwa na nani mpaka siku yatakapokosewa. Gazeti likishatoka, kila Alhamisi huja hapa kuwasomea kwa redio wale ambao macho yao yamegoma. Habari huzisoma kama zilivyoandikwa. Picha huzieleza mtu kwa mtu.

Gazeti humlipa dola 19 kwa saa, siku nne kwa wiki. Redio haimlipi kitu. Humpa kahawa, na kahawa yenyewe, anasema, "ni ya kumwadhibu mtu."

Mji wetu ni mji wa picha za kundi. Zimamoto wana yao, timu ya magongo ya barafuni ina yake, chama cha wafanyakazi wa mgodi wa chuma, kwaya, hata wale wazee wanaocheza karata Jumanne na kununiana mpaka Jumanne inayofuata. Mtu akistaafu anapigwa picha na wenzake. Akifa, watu wanaitafuta picha ile ile waone alisimama karibu na nani. Ndiyo maana kosa la Ardis haliishi wiki moja tu kama makosa ya waandishi wengine.

Na amekosea, tena mapema. Mwaka wake wa kwanza kazini alimpigia simu mkuu wa zimamoto amtajie majina ya kikosi chake kutoka kushoto. Mkuu akayataja vizuri kabisa, ila kushoto kulikuwa kushoto kwake yeye, alivyosimama siku ile akiitazama kamera. Kikosi kizima kikachapwa kinyumenyume. Dan Perko, kijana aliyejiunga majuzi tu, akajikuta amekuwa mkuu wa kikosi.

"Wiki nzima alikuwa anaagiza watu wamsafishie gari la maji," anasimulia Ardis, akicheka mpaka anashika meza. "Na wengine walikuwa wanasafisha! Tangu hapo nimeweka sheria. Kushoto ni kwa anayeitazama picha, siyo kwa aliyemo. Na simuulizi mtu kitu mpaka aishike picha mkononi."

Hata akiishika, kazi haijaisha. Ardis anasema watu wengi hawajui kabisa walisimama wapi. Mmoja atamwambia, "Mimi niko nyuma ya yule mwenye kofia, siyo kofia hiyo, ile nyingine." Mwingine atasema yuko wa tatu, bila kusema wa tatu kutoka wapi. Kuna mama mmoja wa kwaya aliyempigia kulalamika kwamba jina lake halipo. Ardis akamuuliza yuko sehemu gani ya picha.

"Akaniambia, 'Mimi ni lile sikio,'" anasema. "Nikatafuta na kioo. Kweli, sikio lipo, nyuma ya nywele za Carol. Toleo lililofuata nikaliandikia jina lake."

Redioni alianza miaka tisa iliyopita, na mwanzo hakujua anachokifanya. Alikuwa anasoma maelezo kama yalivyochapwa, majina yakifuatana na koma kati yake. Wiki ya tatu akapigiwa na Waino Pelto, mchimba chuma mstaafu aliyepoteza macho yote mawili kwa kisukari.

"Alinifokea," anasema Ardis. "Akaniambia, 'Wewe binti, unanisomea watu kama wamekufa. Majina yao ninayo tangu utoto. Niambie nani kasimama na nani. Nani kamshika nani. Nani kajiweka mwisho. Mimi nimechimba na hawa watu, ukinipa hayo tu nimeshaiona picha.'"

Waino alifariki majira ya kuchipua mwaka juzi, na Ardis bado anamsema kama mtu atakayempigia simu mchana huu. Alichomfundisha ndicho anachofanya hadi leo. Kwanza anasema watu wako mahali gani na wamejipanga vipi. Halafu anaanza kushoto na kwenda kulia, mstari mmoja baada ya mwingine, kila mtu akimwegemeza kwa jirani yake: kulia kwake, nyuma yake, ngazi moja juu. Kisha mikono iko wapi na macho yanatazama wapi. Basi.

Hasemi kwamba watu wamependeza. Hasemi wana furaha. "Mtu akicheka, nasema anacheka. Kama ana furaha au hana, mimi nitajuaje? Nimewaona watu wakitabasamu kwenye picha za harusi, na ndoa zenyewe hazikufika Pasaka."

Sasa turudi kwenye picha ya ukurasa wa tano, maana hiyo ndiyo iliyomtoa Josephine Rautio, yule Josie wa kwenye simu, jasho asubuhi yote.

Kila mwaka, kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, kina mama wa jiko la Kilutheri hutengeneza pai za nyama na viazi, zile zile ambazo babu zetu walikuwa wakiteremka nazo mgodini. Wawindaji huzinunua kwa maboksi. Kazi hufanyika kwenye meza moja ndefu: mwanzo wa meza wako wamenya viazi, kisha wakataji, wasukuma unga, wajazaji, na mwisho kabisa wafinya kingo, wanaozifunga pai kwa vidole. Pai ya mwisho ikishatoka kwenye oveni, wote hutoka nje na kupigwa picha wakiwa wamejipanga vile vile walivyokaa mezani. Hakuna anayejali urefu wa mtu wala sura. Kila mmoja husimama mahali pa kazi yake, na mgeni anayejaribu kuwachanganya huambiwa kwa upole aachane nao.

Josephine humenya viazi, mwanzo wa meza. Verna Kangas hufinya kingo, mwisho wa meza. Mpango huo uliwafaa wote wawili, kwa sababu ni mawifi wasiosemezana.

Eino, mume wa Josephine, alikuwa kaka yake Verna. Alipofariki, Josephine aliiuza nyumba ya ziwani, pamoja na sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, ambayo baba yao Verna aliijenga kwa mikono yake. Alikuwa na madeni ya hospitali na hakumwambia mtu. Verna akaja kujua Jumamosi moja, alipokwenda na taulo lake begani kama kawaida na kukuta kufuli geni mlangoni. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Tangu siku hiyo hajamwambia wifi yake hata "nipishe."

Katika miaka hiyo macho ya Verna yamekwisha polepole. Anaona kingo za vitu, katikati kuna ukungu. Ameacha kuendesha gari, ameacha kusoma, ameacha kufuma. Kufinya kingo za pai hajaacha, kwa sababu vidole vyake havihitaji kuona. Jumamosi iliyopita, siku ya picha, alifinya kama kawaida, na wanaojua mambo hayo wanasema hakuna kingo zilizonyooka kama zake.

Kwa kawaida Ardis ndiye huwapiga picha. Huvuka barabara na kusimama ng'ambo ili mstari wote uenee. Safari hii mafua yalimlaza, gazeti likamtuma Brent Lofgren, mpiga picha aliyeajiriwa kiangazi, mwenyeji wa kusini mwa jimbo. Brent hakutaka kuvuka barabara kwenye theluji. Akawaambia kina mama wajipange mistari miwili kwenye ngazi.

Kundi lingine lolote lingejipanga ovyo na kumaliza. Hawa hawakukubali kuvunja utaratibu wa meza. Wakaukunja mstari katikati kama wanavyokunja shuka, nusu ile yenye wamenya viazi na wakataji ikazunguka nyuma na kupanda ngazi. Ukikunja shuka, ncha zake mbili hukutana. Josephine alipopanda ngazi yake na kutazama mbele, kisogo kilichokuwa chini ya kidevu chake kilikuwa cha Verna.

"Nilitaka kushuka," Josephine anamwambia Ardis kwenye simu ile ile ya asubuhi. Ardis amebonyeza kitufe cha spika ili aendelee kupanga karatasi zake, na Josephine ameshaambiwa kwamba mwandishi wa makala haya yumo chumbani. Hajali. "Halafu nikaona anayumba. Ngazi ilikuwa na barafu, Ardis. Nikamshika bega. Akasema, 'Asante, Lempi.' Nikanyamaza. Nikakubali kuwa Lempi."

Lempi Harju ni mfinya kingo mwenzake Verna, tena ndiye dereva wake. Kila wakati humshika mkono, kwa hiyo Verna hakuwa na sababu ya kudhani ni mtu mwingine.

"Basi sema ni Lempi," anaomba Josephine. "Sema tu, mara moja, ipite."

"Lempi ameshika sinia kwa mikono yote miwili. Nimpe mkono wa tatu?"

"Basi usiseme mkono kabisa."

"Josie."

"Sikiliza, wewe mwanamke. Akijua ni mimi, hatakuja tena jikoni. Namjua, ni Rautio wa kuzaliwa yule, na kina Rautio wakisusa wamesusa. Macho yameondoka, gari limeondoka. Jiko ndilo alilobakiwa nalo. Unataka nimnyang'anye na jiko? Nimeshachukua vya kutosha."

Ardis anaacha kupanga karatasi. Anazungusha kalamu. Saa ya ukutani haina habari na mtu.

"Gazeti limeshatoka, Josie," anasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Mkono wako uko kwenye kila meza ya mji huu. Dukani wanauzungumzia, kanisani watauzungumzia Jumapili, naye atakaa katikati yao. Unataka asiyeona ndiye awe asiyejua? Hao watu wananisikiliza kwa sababu siwafichi kitu. Nikianza kuchagua nani aambiwe nini, bora nizime hii redio nikalale."

Josephine anajibu: "Utanisamehe, sitasikiliza leo." Simu inakatwa.

Ardis anapiga funda la ile kahawa ya adhabu. Anakiri, kabla taa nyekundu ya hewani haijawaka, kwamba hana hakika. "Josie anaweza kuwa na haki. Verna akisusa jiko, atakuwa amesusa kwa sababu ya kinywa changu." Kisha anavuta kipaza sauti karibu na kusema habari za asubuhi kwa sauti ile ile ya kila Alhamisi, kama mtu aliyelala vizuri.

Anaanza na kikao cha halmashauri na bei ya chumvi ya barabarani. Baada ya matokeo ya magongo anafika ukurasa wa tano.

"Kina mama wa jiko la Kilutheri," anasema. "Picha ya Jumamosi, pai ya mwisho ikiwa imetoka. Wako kwenye ngazi za mlango wa jiko, mistari miwili. Sita wako mbele, chini. Sita wako nyuma, ngazi moja juu. Wote wamevaa aproni. Kwa mnaojua utaratibu wao, mwaka huu mstari umekunjwa katikati, kwa hiyo wamenya viazi wako nyuma ya wafinya kingo."

Hapo hapo, mtu yeyote anayeijua ile meza alikuwa ameshajua kinachofuata. Mwandishi wa makala haya alijikuta ameacha kuandika.

"Mstari wa mbele, kutoka kushoto. Wa kwanza ni Shirley Tuominen, mikono iko kwenye mifuko ya aproni, unga uko kwenye miwani." Anawapitia mmoja mmoja, bila haraka. "Wa tano ni Lempi Harju, ameshika sinia la pai kwa mikono yote miwili. Kulia kwake, mwisho wa mstari, ni Verna Kangas. Aproni ya bluu, kidevu juu. Wote sita wanatazama kamera.

"Mstari wa nyuma, kutoka kushoto." Anawataja watano, na kusema wanatazama kamera, isipokuwa mmoja aliyefumba macho. "Wa sita, mwisho kulia, nyuma ya Verna, ni Josephine Rautio. Mkono wake wa kulia umeshika bega la kulia la Verna, kulia kwao wenyewe. Ukurasa wa sita, matangazo ya mnada."

Anasoma mnada mpaka mwisho, trekta moja baada ya nyingine. Taa nyekundu inazimika. Ardis anavua vidude vya masikioni na kutazama simu.

Haikulia. Mwandishi amekaa chumba kile mara nyingi na hajawahi kuona Alhamisi ambayo simu haikulia. Siku zote kuna wa kusema kwamba ule haukuwa mguu wa kushoto, au kwamba yule ng'ombe wa maonyesho si wa Hietala, ni wa shemeji yake.

Kuna jambo ambalo mwandishi alikuwa ameliona pichani kwa kioo kile kile, na Ardis hakulisema hewani. Alipoulizwa kwa nini, alikunja gazeti lake.

"Mkono umeonwa na kila mtu, kwa hiyo nimeusema. Lile lingine ni dogo mno, wengi hawajaliona. Ni la Verna peke yake. Akilitaka, ataliuliza. Yule hasikilizi kama wewe, anasikiliza kama polisi."

Gari likasimama nje kwa kuteleza kidogo. Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia kwanza, kisha Lempi Harju, kisha Verna Kangas akiwa na koti refu na buti zilizofungwa vibaya. Alikuwa amekamata mkono wa Lempi. Uso wake ulikuwa mwekundu, na si kwa baridi tu.

"Ardis yuko wapi?"

"Niko hapa, mama. Mezani, mbele yako. Kuna kiti kulia kwako."

"Sikai." Verna akageuzia uso upande wa sauti, kidogo pembeni, ili amwone kwa kile kipande cha jicho kilichobaki. "Umesema bega la kulia."

"Nimesema la kulia."

"Ni lenyewe." Akavuta pumzi. "Na huyu mjinga alinyamaza. Siku ile njia nzima kutoka jikoni alinyamaza. Tangu Jumamosi amenyamaza!"

"Nilikuwa na sinia," akajitetea Lempi.

"Kinywani ulikuwa na sinia?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Verna alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ardis. Kila mtu umesema anatazama wapi. Hata yule aliyefumba macho umemsema. Josephine hukumsema. Wewe husahau vitu?"

"Sisahau."

"Basi anatazama wapi?"

Ardis hakuhitaji kufungua gazeti. "Anakutazama wewe," alisema. "Watu wote pichani wana habari na kamera. Josephine ameinamisha kichwa, anatazama chini, anakutazama wewe."

Kofia ilikuwa inazunguka vidoleni mwa Verna, taratibu, kama anafinya kingo zake.

"Kwa namna gani?" akauliza. "Ananitazama kwa namna gani?"

Hapa mtu mwingine angetafuta maneno mazuri, na Mungu anajua yalikuwepo. Mwandishi alikuwa nayo tayari mdomoni. Ardis alitikisa kichwa, akakumbuka kwamba Verna haoni, akasema: "Hilo sikuambii, mama. Mimi kazi yangu ni nani yuko wapi. Namna, kamuulize mwenyewe."

"Namba yake ni ile ile?"

"Ile ile ya Eino."

Verna akanyoosha mkono. Ardis akasogeza simu mpaka ikagusa vidole vyake. Mama yule aliipiga namba bila kumuuliza mtu tarakimu hata moja, miaka kumi na moja haikufuta kitu. Iliita mara moja tu, maana mtu aliyesema hatasikiliza redio alikuwa amekaa pembeni ya simu.

"Josephine. Ni Verna." Akasikiliza. "Ndiyo, nimesikia. Kila mtu amesikia, na Waino huko aliko amesikia." Akasikiliza tena. "Mkono wako ulikuwa baridi mpaka ikapita nguo. Huna glavu, wewe?"

Sauti ya upande wa pili ilikuwa inasema kitu kirefu, kilichokatika katikati, kikaanza upya. Lempi aligeukia dirisha na kujifuta pua. Mwandishi naye aligundua kwamba karatasi yake ilikuwa na mambo mengi ya kutazama.

"Hapana," alisema Verna. "Hapana, wifi, siachi jiko. Niache jiko niende wapi? Nani kakwambia?" Akahamishia simu sikio la pili. "Ya ziwani bado nina hasira nayo, usijidanganye. Ungeniambia kuhusu yale madeni, ningeuza hata koti. Nitakugombeza, tena sana, lakini siyo kwa simu ya watu. Jumapili njoo unichukue twende kanisani. Lempi anaendesha kama anakimbizwa na dubu."

"Haya sasa!" alisema Lempi.

Walipoondoka, Verna alisimama mlangoni, akageuka kuelekea meza, akasema "Ardis," kisha akaitikia kwa kichwa mara moja na kutoka. Kwa watu wa huku hiyo ni hotuba nzima.

Ardis alikaa. Alilinyoosha gazeti kwa kiganja. Alisema angependa apatikane mtu wa kujifunza kazi hii kabla hajazeeka, mtu mwenye sauti nzuri na asiyependa kupamba mambo. Kisha akachukua kalamu na kuanza kuweka alama kwenye picha ya wiki ijayo, wacheza karata, wazee saba na kiti kimoja kitupu ambacho itabidi aulize ni cha nani.

Mwandishi akamuuliza swali la mwisho. Msimu ujao wa pai, Brent akitumwa tena na asivuke barabara, itakuwaje?

"Brent hatumwi," alisema Ardis bila kuinua kichwa. "Mwakani nitakwenda mwenyewe, hata kwa homa. Na nikifika, sivuki barabara. Nitaukunja ule mstari hivyo hivyo."